Mizani ya Abiria

Kabla ya kiti, mizani.
Ndege yetu ni ndogo, haitaki siri ya uzito:
kila abiria hupanda juu ya bamba la chuma,
yeye na mfuko wake, yeye na magimbi yake,
nami naandika kilo kwa penseli.
Huu ni mwaka wangu wa kumi na mmoja.
Wengine hubana tumbo. Haisaidii.

Apia hadi Pago Pago, kilomita mia na ushee,
dakika thelathini na tano upepo ukiwa mwema.
Pipi haijaisha mdomoni, mmeshafika.
Lakini katikati ya maji umeuvuka mstari
ambao hakuna samaki aliyewahi kuuona,
na mstari huo huimeza siku nzima, au huitapika.
Ukiruka Jumapili saa sita mchana
unatua Jumamosi, saa sita na dakika zako thelathini na tano.
Saa ya mkononi huigusi.
Unabadili jina la siku tu.

Watalii hucheka, huipiga picha tiketi.
Yupo mmoja husherehekea kuzaliwa kwake mara mbili,
na mara mbili hulewa.

Lupesina hakucheka.
Alipanda mizani na mkeka laini uliokunjwa,
ule wa kutolewa kwa heshima, si wa kukalia.
Nikasoma: sitini na nane.
Nikamwuliza, arusi ya nani?
"Baba. Alfajiri hii. Namfuata kaka.
Simu yake ilizama bandarini juzi,
na neno kama hili halipitishwi kwa jirani."
Nikaandika sitini na nane.
Daftari halina safu ya mengine.

Yaliyofuata alinisimulia aliporudi.

Kwamba alimkuta Vaelua nje ya kiwanda cha samaki,
magamba mpaka kwenye nyusi,
akifurahi kwamba kesho hakuna kazi.
Kwamba salamu haijakwisha, akauliza:
"Na mzee je, hajambo?"
Nyuma yake, kalenda ya duka: Jumamosi.
Siku ambayo baba alikunywa supu,
akalalamikia chumvi,
akataka redio iongezwe sauti.
Akasikia kinywa chake kikijibu,
"Leo hajambo."

Usiku kucha alikaa macho akimlinda mtu hai
ambaye alikwisha kumfumba macho kwa vidole hivi.
Kaka akikoroma.
Mara mbili alimshika bega, mara mbili akamwacha.
Hata saa kumi na moja, dirisha likaanza kupauka,
Jumapili ikaja tena, ileile, kwa mlango uleule,
naye akamtikisa: "Vaelua. Sasa."

Akauliza, "Umejua tangu lini?"
Akamjibu, "Tangu leo."

Waliruka Jumapili, wakatua kwetu Jumatatu.
Kaka alipita bila kunisalimu, bila kumngoja,
begi begani kama mtu aliyeibiwa
na hajui bado kilichoibwa.
Lupesina akanijia. "Nipime, Tavita."
Wanaofika hatuwapimi, lakini akapanda,
mkeka kifuani kama alivyoondoka nao.
Sitini na nane.
"Basi mizani yako mbovu."
Nikaigonga kwa ncha ya kiatu.
Sindano ikatetemeka, ikasita,
ikarudi palepale.