Sukuma, Mama

Lala kwa ubavu wa kushoto, anasema kijana,
magoti yaje juu kidogo, kama mtoto tumboni.
Ananieleza mimi jinsi mtoto anavyolala tumboni.
Ghorofa ya nne, Upper Hill, dirisha limebandikwa karatasi,
nje mashine ya saruji inakoroma,
nami nimo ndani ya gauni la kufunga nyuma lisilofungika.

Anaitwa Murunga. Glavu zake saizi saba, nimeziona,
mikono midogo, mizuri kwa kazi hii.
Anapaka jeli. Anauliza, Niendelee?
Miaka thelathini na mmoja Pumwani,
sikumbuki kama niliwahi kuuliza.

Mpira wenyewe hauzidi unene wa penseli,
una vitambuzi ubavuni, puto kwenye ncha.
Baridi. Kisha si baridi.
Wasichana waliokuja wakibana mapaja niliwaambia
mficha uchi hazai,
nikacheka, nikawafunua.
Leo shuka nimelivuta hadi kidevuni
na sina cha kuzaa.

Kaza, anasema,
kama unayezuia upepo kanisani.
Nakaza. Kwenye kioo rangi zinapanda,
samawati, manjano, nyekundu tele.
Mama, una nguvu!
Naona fahari, ya kijinga, mahali pasipo na fahari.

Pumzika. Anajaza puto kidogo kidogo,
ukihisi kitu niambie.
Ishirini, sijahisi. Arobaini, sijahisi.
Sitini, labda, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.
Mia na kumi ndipo ninapoitika.

Sasa sukuma.

Neno langu hilo.
Nimelisema usiku stima imepotea, tochi kwapani,
nimelisema kwa Kikamba, kwa Kikuyu cha kuokoteza,
kwa binti Msomali ambaye katika maneno yangu yote
alilijua hilo tu.
Sukuma, mama, usiimalizie pumzi kwenye kelele.
Na nyumbani South B, sukuma wiki kwenye sufuria,
majani yote yale, na bado siku tano, sita,
narudi chooni nilivyokwenda.

Nasukuma.
Murunga anatazama kioo, hasemi.
Tena. Nasukuma mpaka masikio yanaziba.
Anakigeuza kioo nikione:
huku juu tumbo linasukuma, vizuri;
huku chini mlango ungelegea. Tazama wako.
Wako ni mwekundu.
Nasukuma na kukaza kwa pamoja,
nagonga mlango nilioushikilia mwenyewe kwa ndani.

Ilianza lini?
Zamu ya saa kumi na mbili, wakunga wawili,
vitanda ishirini, wanawake thelathini na wanane,
choo cha wafanyakazi mwisho wa ukumbi, ufunguo uko kwa metroni.
Haja ikija naiambia subiri, huyu kichwa kimeonekana.
Ikarudi ilikotoka. Ikaja tena. Subiri.
Mwishowe ikaacha kubisha.
Hayo simwambii. Nasema, Siku nyingi.

Namuuliza alizaliwa wapi.
Ningependa aseme Pumwani,
nimtake afunue kitovu, nione kama fundo ni langu.
Mumias, anasema, nyumbani. Nyanya ndiye aliyenipokea.
Basi alikupokea vizuri.

Mwisho ni puto la maji. Naketi kwenye kiti chenye tundu,
yeye nyuma ya pazia na saa yake.
Dakika moja. Mbili.
Halitoki.
Anakohoa. Usisukume, mama,
acha tu.

Jumatano nane, ameandika kwenye kadi,
mafunzo ya kulegeza.
Nimevaa viatu, nimeshuka kwa ngazi polepole,
mdomo ukilijaribu neno lenyewe, acha, acha,
na halinikai.

Pale kwenye kibanda cha mboga karibu na geti
mwenyewe ameshaunoa mkono, kisu kinasubiri fungu:
Sukuma, mama?

Leo nipe terere.