Kabla Hujageuza Ufunguo

Shuka kwanza, Karisa.
Kiti hicho hakikimbii.
Ni saa kumi na mbili na robo, wageni wanakoroma,
na ukoka umelowa kama mgongo wa mbuzi aliyelala nje.
Ukoka wenye umande haukatwi: magurudumu huteleza.
Tutangoja.
Tukingoja, tutembee.

Chukua karai. Uwanja wote, kwa miguu,
toka ule mkilifi hadi ukingo wa bwawa,
macho chini kama aliyepoteza pete ya posa.
Okota kizibo, okota kidaka kilichodondoka,
okota kiatu cha mtoto,
na matumbawe, hasa matumbawe.
Ardhi ya Malindi huzaa mawe usiku;
jana umeyang'oa, leo haya hapa yanachungulia.
Jiwe likiingia chini ya mashine
halitoki jiwe, linatoka risasi.
Kiulize kioo cha chumba namba tisa.
Uulize mshahara wangu wa Mei.

Na ndara hizo mwachie Tsofwa pale getini,
pamoja na sigara.
Kikoi nacho kizuri, lakini leo vaa suruali.
Mimi leso niliifungua siku ya pili,
ilipoanza kuvutwa na gurudumu, taratibu,
kama mtu anayekuita faraghani.

Inama sasa. Usiguse. Yaone mapanga.
Aliyenifundisha kazi ni Fondo,
huyo huyo anayeuza mahamri Maweni.
Hujajiuliza mbona kiatu cha kushoto
hakivui hata kwake, mkekani?
Alizima injini. Akasikia kimya.
Akadhani kimya ni salama.
Chini mapanga yalikuwa yakimalizia hesabu yao,
naye akatia mguu kusukuma nyasi zilizokwama.
Vidole viwili. Hatukupata hata cha kuzika.
Kimya kingi kina mshindo, walisema,
na hawakuwahi kuiona mashine.

Basi ukizima, chomoa ufunguo, tia mfukoni,
hesabu hadi thelathini.
Mimi huhesabu kwa Kigiriama; hakina haraka.

Petroli utatia injini ikiwa baridi.
Ikiwa moto, kanywe chai.
Meneja akifoka, mwambie Kadzo kasema.

Ule mteremko wa kushukia ufuoni,
upande wima, ushuke wima.
Usiukate kwa ubavu, usigeuze katikati,
hata ukiona umebaki ukanda mwembamba wa nyasi
unaokucheka.
Acha ucheke. Utakuja na fyekeo.

Kurudi nyuma: geuza shingo yote, kama bundi.
Halafu geuza tena.

Hili la mwisho silisemi vizuri.

Kulikuwa na Jumamosi moja, hoteli tupu,
Sidi wangu ana miaka minne, kaja na chakula changu
ameshikwa mkono na jirani.
Akalia apande. Nikampakata.
Tukazunguka mara tatu, yeye ameshika usukani,
nywele zake zikinigusa kidevu,
anaimba jina la kila kitu tunachokipita:
ua, ndoo, kunguru, ua.
Kwenye kona akajipinda kumtazama kunguru,
nikamshika kwa kitambaa cha gauni.
Kitambaa tu. Kiasi cha vidole vitatu.

Hakuna kilichotokea.
Alishuka, akala viazi vyangu, akalala kivulini.
Sasa yuko darasa la saba, anakimbia kuliko wavulana.
Hakuna kilichotokea, Karisa,
na ndicho kinachoniamsha saa nane za usiku
nikipapasa gizani kutafuta gauni.

Kwa hiyo mtoto akitokea, zima.
Si kupunguza mwendo. Si kumpungia mkono. Zima.
Wakikuita mnoko, itika.

Gusa ukoka. Umekauka?
Haya, panda, kaza kiti, ziba masikio.
Ufunguo huu, bado una joto la mfuko wangu.
Kabla hujaugeuza,
tazama nyuma.