Neno Langu Lilikuwa Inama

Miaka kumi na tisa neno langu lilikuwa inama.
Inama kidogo, mama. Inama, kichwa kije kwangu.
Vichwa vya Arua vikainama,
vya walimu, vya wauza mihogo, vya maharusi,
na mimi juu yake nikainama zaidi,
nikitafuta mstari katikati ya nywele
kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua.

Asubuhi moja shingo ikakataa.
Haikulia, haikugomba. Ilikataa tu.
Pikipiki ilipiga honi kushoto kwangu, karibu na soko,
nikageuka mzima mzima, kama kabati linalohamishwa:
mabega, kiuno, kikapu, viatu.
Dereva akacheka. "Mama Adriko, umemeza mwiko?"

Zamani nikisikia mtu amekubali kwa shingo upande
nilidhani ni msemo tu.
Wiki ile nilikunywa chai shingo upande,
nilisali shingo upande,
hata mkwe wangu nilimsalimu shingo upande
naye akaenda kusema nimemdharau.

Candiru, nesi wa zahanati, hakunipa hotuba.
Alinibonyeza hapa, na hapa, nikaruka.
Wateja wako hukaa wapi?
Kwenye kigoda.
Kirefu kiasi gani?
Nikamwonyesha kwa kiganja, chini ya goti.
Akanitazama kama unavyomtazama mtu
anayechota kisima kwa kijiko.

Nikajitetea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Ndiyo, akasema, lakini methali haikusema
akishakipata abaki mvunguni.

Basi. Nikawasuka binti wawili wa Draku seremala bure,
naye akanichongea kigoda kirefu.
Wateja walinuna, miguu inaning'inia
kama ya watoto kanisani.
Acha ining'inie. Kichwa sasa kinanijia kifuani,
na ndicho nilichokuwa nakiomba miaka yote.

Mto wangu niliupasua.
Niliujaza mwenyewe, zamani, kwa mabaki ya nywele za dukani,
nyeusi, kahawia, na zile nyekundu za yule dada wa kwaya.
Kumbe hata usiku nililalia kazi,
kichwa juu juu, kama mtu anayechungulia dirishani.
Nikatoa nusu. Shingo ikalala sawa na mgongo,
ikasahau kwamba ipo.

Maji: dumu moja tele mkono mmoja, hapana tena.
Mawili, nusu nusu, huku na huku,
kama mizani ya muuza samaki.

Adriko mwanangu alikuwa ameanza kuwa yangeyange,
simu pajani, kidevu kifuani, mgongo upinde.
Sikumgombeza. Nani angenisikiliza, mimi mwenye shingo ya mbao?
Nilipigilia rafu ukutani, usawa wa macho yake,
nikasema simu inachajiwa hapo, na hapo ndipo inaposomwa.
Anakua. Rafu nimeshaipandisha mara moja.

Na kila mistari kumi naweka kitana chini.
Nashusha mabega, ambayo sijui huwa yanapanda lini,
natoka mlangoni, natazama Mlima Arua,
kushoto polepole, kulia polepole,
sikimbizani na kitu.
Wengine husema naringa.

Jana Driciru, anayeolewa Jumamosi,
alitaka misuko myembamba kama uzi wa cherehani.
Kazi ya kutwa. Katikati nikamwambia inuka.
"Umemaliza?"
Bado. Inuka tu.
Tukasimama mlangoni, yeye na nusu ya kichwa chake,
nusu nyingine imesimama kama nyasi baada ya mvua,
tukajinyoosha mpaka mifupa ikasema ta, ta,
akacheka, akasema harusi yangu itanikuta nimesimama wima.

Honi ikapiga, kushoto.
Nikageuza shingo. Shingo peke yake.
Mabega yalibaki yakitazama mlima.