Kazi Yangu ni Kutosikia

Mimi ndiye ninayekaa sakafuni.
Yasna yuko nyuma ya kioo, yeye na mashine na vitufe vyake;
mimi nina vikombe vitatu vya plastiki
na bata aliyepoteza jicho moja.
Navipanga, navipangua,
polepole, bila utamu mwingi:
nikichekesha sana, mtoto atanogewa na mimi;
nikichosha, ataukumbuka mlango.

Mlio ukitoka kwenye spika ya kushoto
nisishtuke. Nisiinue ukope.
Mtoto wa miezi kumi na mmoja husoma uso
kama mpishi anavyosoma povu la sufuria.
Basi natia pamba masikioni, pamba isiyoonekana,
na kila siku, hapa Punta Arenas,
nalipwa kwa kutosikia.

Leo ni Rayén. Amepakatwa na babake,
Nibaldo Oyarzún wa kiwanda cha kaa,
vidole vimechanika kwa chumvi na barafu.
Miezi miwili iliyopita tulimjaza masikio
donge laini la rangi ya waridi, tukasubiri ligande,
tupate kalibu. Alilia hadi akatapika.
Na kalibu ile imekwisha kulegea,
inapiga mluzi kila akitafuna.
Sikio la mtoto halimngoji fundi.

Kuna msemo: sikio la kufa halisikii dawa.
Aliyeusema hakuwahi kumwona Yasna
akikata neli kwa mkasi wa kucha,
akiipuliza, akilaani kimoyomoyo,
akibandika kifaa kwa plasta nyuma ya sikio
kwa sababu yule wa mwezi jana
alikitumbukiza chake kwenye supu.

Bila vifaa: sitini, kimya. Sabini, kimya.
Themanini,
shingo ikageuka, taa ikawaka ndani ya sanduku jeusi
na dubu akaipiga ngoma yake kama mwehu.

Pamoja na vifaa: hamsini, dubu. Arobaini na tano, dubu.
Arobaini: Rayén akamtazama kwanza bata wangu
kwa namna ya kumwomba radhi,
ndipo akageuka.

Ile "sss" nyembamba haikumfikia.
Yasna akachora duara tupu.
"Sisi huku hata wazima tunaimeza," akasema kwenye kipaza sauti,
"nani atajua?"
Lakini akafungua mashine, akarekebisha, akarudia.
Mara nne akarudia.

Nibaldo akaniuliza: "Kwa hiyo kabla ya leo
alikuwa hasikii kitu?"

Kusikia ni neno lenye vyumba viwili.
Alisikia njaa. Alisikia baridi.
Alisikia kifua cha babake kikitetema
alipolazwa juu yake usiku, wimbo ukiwa bado umo ndani ya mbavu.
Na upepo wa mlangobahari, ule ambao
siku nyingine hufungiwa kamba barabarani
watu wapate pa kushika,
Rayén aliusikia kabla ya kuusikia.

Sikumjibu hivyo. Sijui nilijibu nini.
Nilipanga vikombe.

Jaribio limekwisha. Kifuniko cha betri kimekazwa
asije akazimeza.
Karatasi, muhuri, tarehe ya kurudi,
kalibu nyingine kabla ya theluji.
Nibaldo akasimama na mwanawe mkono mmoja,
na kwa mkono wa pili akavuta zipu ya jaketi
kutoka kitovuni hadi kooni.

Rayén akageuka.

Hapakuwa na taa pale. Hapakuwa na dubu.
Palikuwa na meno madogo ya chuma,
na kidevu kisichonyolewa.
Baba akaishusha zipu. Akaipandisha.
Akaishusha tena, taratibu, jino kwa jino.

Yasna hana safu ya kuandikia zipu.
Nami, bata bado mkononi,
zamu yangu ikiwa imepita kwa dakika mbili,
nikauachia uso wangu usikie.