Vifungo

Kutoa ni moyo, husemwa, si utajiri.
Mimi nilitoa kabati.
Nilitaka nafasi, basi: mifuko mitatu myeusi,
makoti ya miaka niliyokuwa mwembamba,
nikaiburura ngazini hadi chini ya kanisa,
Łódź, Jumanne ya Januari, barafu ikitafunika chini ya buti.

"Umekuja kuacha au kukaa?" aliuliza Bi Wiesława
bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria.
Nikasema kukaa. Sijui kwa nini.
Labda mvuke wa supu ya shayiri.
Labda aibu, ambayo nayo ina harufu yake.

Hujui watu mpaka ufungue mifuko yao.
Viatu vya visigino virefu. Gauni la arusi lenye doa la mvinyo.
Soksi moja moja, kana kwamba asiye na nyumba ana mguu mmoja.
Kaseti za kujifunzia Kijerumani.
Na makoti, makoti mazito, mazuri,
yaliyong'olewa vifungo:
mtu ameketi chini ya taa yake na mkasi,
ameokoa vifungo vyake sita
ndipo akawa mkarimu.

Niliijua mikono hiyo.
Mfuko wangu wa pili ulikuwa vivyo hivyo.

Saa mbili usiku mlango hufunguliwa.
Huingia na baridi yao, kila mmoja na ya kwake.
Kajetan, mwanafunzi, hugawa namba na kuomba radhi kwa kila namba.

Bwana Bogumił alikuwa kumi na tisa.
Nikampa blanketi. Hakulipokea.
Alilisugua kati ya vidole viwili,
macho ameyafumba kama mtu anayeonja chumvi.
"Lebo inasema sufu tupu. Lebo ni mwongo."
Miaka ishirini na sita kwenye mitambo ya kufuma,
katika kiwanda ambacho leo ni hoteli;
hulala nyuma yake, penye bomba la moto,
pale pale palipokuwa mlango wa wafumaji.

Nikaanza kumhurumia. Akanikatiza:
"Una sindano?"

Tulikuwa na mikate mia mbili,
na dawa ya meno,
na vipeperushi vya kuacha pombe kwa lugha tatu.
Sindano, hata moja.

Jumanne iliyofuata nilileta sindano, uzi mweusi,
na kopo la biskuti lililokaa miaka juu ya friji yangu.
Niliweka mezani upesi, kama mwizi anayerudisha.
Alitikisa kopo, likalia.
Akatazama vifungo, akatazama koti la kijani,
kisha mimi.
Hakusema neno. Alitunga uzi mara moja tu, bila miwani.

Tangu hapo alikaa upande wetu wa meza,
na saa nne alitoka pamoja na wa upande ule.
Hili silijui namna ya kulisema.
Mimi niliufunga mlango kwa ufunguo,
nikapanda tramu kwenda kwenye kitanda chenye mablanketi mawili,
yote mawili, nimeyasugua, ya sufu.

Bi Wiesława amemwandikisha manispaa apate chumba:
wa mia tatu na kumi na wawili.
"Hiyo nayo ni namba," alisema,
akakata uzi kwa meno.

Machi, dirishani mwa tramu,
nililiona koti la kijani likivuka barabara
na mwanamke nisiyemjua ndani yake,
limefungwa hadi kidevuni.
Nikahesabu vifungo. Sita.
Cha tano si changu: cha kahawia, kikubwa kidogo,
changu kilikuwa kimepotea zamani,
na yule mzee alikuwa amekitafutia ndugu.

Sikumpungia mkono.
Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu,
kwenye duka la nyuzi.