Pumzi Kabla ya Yowe

Jumamosi Gethin anaingia na santuri kwapani,
haijamaliza wiki tangu ainunue,
anaibwaga kaunta kama anayerudisha samaki aliyechina.
"Wamelainika," anasema. "Mkate uliochovywa chai.
Gitaa wamezishusha hadi tumboni, sawa,
lakini uzito uko wapi? Kelele si uzito.
Uzito ni mzigo."
Miaka thelathini na mmoja aliendesha winchi juu ya chuma cha moto;
neno mzigo akilitamka yeye
sina ubavu wa kubisha.

Albamu inaitwa Zamu ya Tatu.
Ni ya nne ya hawa vijana wetu wa Port Talbot,
ya kwanza tangu tanuri lizimwe,
na kila apitaye dukani ana hukumu yake mfukoni
pamoja na chenji.

Rhodri, miaka kumi na sita, chunusi na koti la baba yake,
anaapa kwamba imemwokoa.
Wimbo wa tatu, anasema, pale unapokatika ghafla
na besi ikabaki peke yake kama mtu aliyekwama kwenye lifti,
pale ndipo dunia ingeishia, ingekuwa imeisha vizuri.
Na wa nne je?
Bado hajaufikia. Hurudia wa tatu.

Eluned ni muuguzi. Huisikilizia garini,
maegesho ya hospitali, dakika kumi na moja kabla ya zamu,
vioo vimeingia ukungu.
"Usiniulize kama ni nzuri," anasema.
"Nikiizima, nashuka, na mikono haitetemeki."
Kisha ananunua betri za saa, anaondoka.

Mzee Emlyn, aliyefundisha kwaya ya kanisa hadi kanisa likauzwa
likawa ghala la mazulia,
alisimama karibu na spika, kofia mkononi.
Nilidhani anakuja kulalamika.
"Zile sauti mbili kwenye kibwagizo," akasema,
"ya chini inavyoitangulia ya juu, kisha inaisubiri.
Hiyo ni yetu. Wameiiba."
Akavaa kofia.
"Vizuri."

Lakini wote hugombana juu ya wimbo wa sita.
Ngoma zinanyamaza. Gitaa zinanyamaza.
Halafu, kabla mwimbaji hajapiga yowe,
hewa inavutwa, ndefu, yenye mikwaruzo,
kama kiti kinachoburutwa chumba cha pili.
Gethin: mtayarishaji alisinzia, angeikata.
Rhodri: ni makusudi, huelewi kitu.
Emlyn: ni kosa, lisiguswe.

Mama Prosser huja Jumanne.
Kila Jumanne nakala moja, pesa taslimu,
na mashine ya kuchezea hana.
"Simshiki neno hata moja mwanangu," aliniambia,
akihesabu sarafu kwa kidole.
"Ila ile pumzi naijua.
Alikuwa na pumu. Nilikaa kando ya kitanda
nikihesabu toka moja hadi nyingine.
Ile ni ya saa nane za usiku,
mwaka alioanza shule."
Akauliza tumeuza ngapi.
Nikaongeza sita.

Gethin nilimrudishia nusu ya bei.
Alinung'unika, akachukua.
Jioni nikafungua jalada niandike bei mpya,
karatasi ya maneno haimo,
ile kubwa iliyokunjwa mara nne,
yenye picha ya tanuri likiwa bado jekundu.
Nikaandika kwenye lebo: imepungua karatasi.

Nikafunga mlango. Nikashusha sindano kwenye wimbo wa sita.
Yowe lenyewe siku hizi silisikii.
Inavutwa ile hewa, nami nimeshaanza,
moja, mbili, tatu,
huku nje mvua ikipiga bati la duka la samaki
bila mpangilio wowote.