Sarafu Juu ya Injini

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza.
Miaka kumi na tisa kiwandani Wexcombe, mjini Coventry,
nikilipwa kusikia kile ambacho mnunuzi hatakiwi kusikia:
mlango unaofunga kwa sauti ya debe,
upepo unaochungulia penye raba ya dirisha.

Halafu wakatuletea dizeli.

Ilishushwa Jumatatu, imefunikwa turubai gubigubi,
silinda sita, nzito kama deni.
Pargeter wa idara ya mbao,
aliyelinganisha mishipa ya mjozi wa dashibodi
kama mkunga anayekagua mapacha,
aliizunguka mara moja tu.
"Hiyo ya trekta," akasema, akairudia gundi yake.

Sikumjibu. Baba yangu alikuwa na trekta, Shropshire.
Asubuhi za Januari aliliwasha kwa maji ya moto na matusi,
nami chini ya blanketi nikihesabu:
ko-ko-ko, kimya,
ko-ko, kimya,
hadi lishike.
Likishika, mama huteleka birika.

Mkutanoni hawakuuliza habari za birika.
Wajerumani wanahesabu lita, walisema,
Waitalia wanahesabu kodi,
na gari la fahari lisilo na dizeli
litabaki kupigwa picha harusini.
Bi Okell wa mauzo alinigeukia:
"Tunaitaka, Glenys, ila isijulikane kwamba ni yenyewe."
Kama kuoa mke
na kumkataza kutaja kwao.

Nikaanza kuficha.
Sponji chini ya boneti. Vioo vya tabaka mbili.
Injini nikaikalisha juu ya raba zilizojaa kimiminika.
Mafuta tukayafundisha adabu: tone dogo litangulie,
libishe hodi silindani,
ndipo lile kubwa liingie bila kupiga mlango teke.

Februari tulikuwa Arjeplog, kaskazini mwa Uswidi,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Dizeli iliganda tangini kama mchuzi wa jana.
Tajiri na maskini, alisema Stenvall mwenye gereji,
hapa wote husukuma.
Tukasukuma, ngozi laini ya viti ikilia kwa baridi
na mimi nikiandika: viti vinalia.

Siku ya wakurugenzi, injini ikiunguruma taratibu,
mtu alisimamisha sarafu ya peni kumi kwa ukingo wake
juu ya kifuniko.
Ikasimama.
Wakapiga makofi. Pargeter alikuja hadi mlangoni,
akatazama sarafu, si injini.
Mimi nilijikuta naiombea ianguke,
dua ya sekunde moja, nikaimeza.

Desemba nililiendesha hadi nyumbani.
Baba, themanini na mbili, sikio la kulia halifanyi kazi tena,
alisimama uani na fimbo.
"Liwashe basi."
"Limewaka, baba."
Akaweka kiganja kwenye boneti. Akakunja uso
kama mtu aliyepewa mkono na glavu.
"Livue."

Nikafungua boneti, nikang'oa kifuniko,
nikalichana sponji nililolilinda miezi kumi na minane,
nikaliweka kwenye theluji.

Ko-ko-ko.

Hakusema kitu. Alisogeza sikio lile zima.
Na nyuma yetu, jikoni, kupitia dirisha lililofungwa,
nikasikia, maana ndiyo kazi yangu,
maji yakiingia kwenye birika.